Kijitabu Kilichotoka kwenye Koti

Juzi mwanangu alirudi nyumbani na mchezo wa video alioununua kwa mtu, kasha lake limechubuka pembeni. Alilifungua mezani, akachomoa diski, akakimbilia nayo sebuleni. Mimi nikabaki na kasha. Nililigeuza, nikalitikisa, nikachungulia ndani. Kulikuwa na vile vibanio viwili vya plastiki ambavyo zamani vilishika kijitabu, na havikushika kitu.

“Kitabu chake kiko wapi?” nikamwuliza.

“Kitabu gani, Mama?”

“Cha maelekezo. Cha kukwambia unachezaje.”

Alicheka bila kuondoa macho kwenye televisheni. “Siku hizi hakuna mambo hayo. Unajifunza humo humo. Ukifa, unaanza tena.”

Nilikwenda jikoni nikakaa kwenye kigoda, na mboga ikaungua mbele ya macho yangu. Mwanangu alidhani nimekasirika. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa nimejiwa na harufu ambayo haikuwamo ndani ya kasha lile wala ndani ya nyumba ile: harufu ya karatasi nzito inayong'aa, iliyochanganyika na dawa ya nondo na moshi wa kuni. Hunijia mara chache kwa mwaka, na ikinijia huwa najua siku hiyo imekwisha, sitafanya kazi ya maana.

Nyinyi wa rika langu mliokua wakati wa ruksa hamhitaji kuelezwa sana. Kabla ya hapo tulipiga mswaki kwa kijiti na mkaa, na shati moja lilipita kwa watoto watatu kabla halijawa tambara la kudekia. Kisha, ghafla, maduka ya Lushoto yakajaa sabuni za kunukia, betri, biskuti za kwenye bati. Na mitumba. Baba aliacha kulima kabichi akaanza kuuza mitumba sokoni. Alishuka hadi Tanga, akarudi na belo la nguo limefungwa kwa mikanda ya bati, na siku ya kulifungua uani kwetu majirani walijikuta wote wana shida ya kuja kuomba chumvi. Lile belo likikatwa mkanda lilivimba kama unga wa maandazi, na harufu ya nyumba za watu tusiowajua ikatufikia sote pale tulipokaa.

Sote tulifurahi isipokuwa Bibi, mama yake Baba, tuliyekuwa tunaishi naye. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini nguo aliijua kwa vidole. Alikuwa akipapasa mkono wa shati, kisha anausukuma mbali.

“Kafaulaya,” alisema. Ndilo jina la zamani la mitumba, na Bibi hakutaka kujua jingine. “Huyu amekufa huko Ulaya. Mzungu gani atoe nguo nzima namna hii naye yu hai? Ana wazimu?”

“Mama, wana nguo nyingi tu,” Baba alijibu, akiendelea kuchambua suruali.

“Hata awe nazo mia. Sisi mtu akifa, tunakaa matanga, tukimaliza tunagawana nguo zake, na kila aliyepata anajua amepata ya nani, anamwombea dua. Hawa tumewarithi bila kuitwa matangani. Majina yao hatuyajui. Nani anawasomea?”

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa na maneno ya Bibi yaliniingia yote, kwa sababu yalikuwa na mantiki kuliko ya Baba.

Kazi yangu katika biashara ile ilikuwa kupekua mifuko kabla Mama hajafua. Nilikuta vipande vya tiketi, vitambaa vya kupengea kamasi, vifungo, peremende iliyoyeyuka na kuganda tena. Siku moja, kwenye belo la nguo za watoto, likatoka koti la bluu lenye manyoya ndani. Baba hakulipeleka sokoni. Alimvisha mdogo wangu Shabani, aliyekuwa na miaka sita, maana Shabani alikuwa na sikio bovu. Kila msimu wa baridi, ukungu unaposhuka kutoka msituni na kukaa mashambani hadi saa tano, sikio lake la kushoto lilitoa usaha na alilia kwa maumivu. Koti lile lilikuwa na kofia ya kufunika masikio yote mawili. Nikapekua mifuko yake. Ndani, upande wa moyo, palikuwa na mfuko mwingine uliofungwa kwa kifungo, na ndani ya mfuko huo kilikuwamo kijitabu.

Kilikuwa kidogo kuliko daftari, kimebanwa kwa pini mbili katikati. Karatasi zake ziling'aa na zilikuwa nzito, zikifunguliwa zilitoa sauti. Kwenye jalada palikuwa na picha ya kijana ameshika taa, anashuka ngazi za mawe kuelekea gizani. Ndani mlikuwa na maandishi mengi ya lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza cha shuleni. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba ni Kijerumani. Ukurasa wa kwanza, kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizopinda za mtoto, palikuwa pameandikwa jina: MATTHIAS. Sisi tukamwita Matiasi, kama akina Matiasi wa misheni ya Rangwi tuliowaona wakija na mapeasi yao siku za soko.

Sasa nisikilizeni, maana mtanicheka, na mna haki. Ukurasa wa nne ulikuwa na picha ya kidude bapa. Upande mmoja kilikuwa na vitufe viwili vya mviringo, na upande wa pili msalaba mweusi. Kutoka kwenye msalaba ule ilitoka mishale minne: juu, chini, kushoto, kulia. Nilikuwa nimewaona Wakatoliki wakijigusa hivyo hivyo, paji la uso, kifua, bega hili, bega lile. Basi nikajua nimeshika kitabu cha dini ya watu, chenye maelekezo ya namna ya kusali. Mtoto wa chuo cha Kurani, niliyekuwa nimefika Juzuu ya pili, na msalaba mkononi! Ningekipeleka kwa Mama angekitia motoni siku ile ile. Nikakificha darini juu ya jiko, nyuma ya mahindi ya mbegu, mahali ambapo moshi ulipanda mchana kutwa.

Mchana tulitumwa mimi na Shabani kulinda maharage yasiliwe na ngedere, shambani chini kando ya mfereji. Huko ndiko nilikokisoma. Yaani, nilikisoma kwa maana ya kwamba nilitazama picha na kusema lolote lililonijia. Shabani alikaa pembeni yangu ndani ya koti lake, kofia nyuma, sikio zuri upande wangu. Palikuwa na mapango manane, kila moja na picha yake. Palikuwa na ukurasa wa maadui, kila mmoja katika kijisanduku chake na jina lake chini: popo mwenye jicho moja, konokono wa chuma, mzee asiye na uso. Nilimpa kila mmoja sauti. Mzee asiye na uso nilimpa sauti ya mwalimu wetu wa hesabu. Pango la nane halikuwa na picha; palikuwa na sanduku jeusi na alama ya kuuliza.

“Kijana wa taa anatoka?” Shabani aliuliza kila siku.

“Kitabu hakisemi.”

“Soma vizuri.”

“Nimesoma. Kimekataa kusema.”

Sasa ninaelewa kwamba vijitabu vile vyote vilikuwa hivyo, na ndicho ninachovipendea hadi leo. Kulikuwa na mtu mzima mahali fulani aliyekaa mezani akamwandikia mtoto asiyemjua kila kitu anachohitaji kabla ya kuingia: huyu ni nani, yule atakuuma, hapa kuna maji, usiguse kile. Alimweleza yote hadi mlangoni, kisha akanyamaza. Mwanangu anaingia bila kuambiwa neno, anauawa mara hamsini, na anaona sawa.

Siku moja Shabani aliniuliza Matiasi kazikwa wapi.

“Ulaya.”

“Huko kuna ukungu?”

“Upo. Na barafu.”

Alifikiri kidogo. “Basi anasikia baridi. Koti lake ninalo mimi.”

Nilimwambia anyamaze. Lakini na mimi nilikuwa nimeshafikiri hivyo hivyo, na tangu siku hiyo kila nilipofunga vifungo vya koti lile nilimwomba radhi mwenyewe kimoyomoyo.

Kurasa za mwisho za kijitabu zilikuwa na mistari mitupu, na hapo ndipo Matiasi alipoandika. Alikuwa amechora miraba, na ndani ya kila mraba vijisanduku, na ndani ya kila kijisanduku herufi au tarakimu moja, safu nne juu hadi chini. Hazikusomeka kama neno lolote. Mimi na Shabani hatukuulizana ni nini. Maalimu wetu alikuwa na kitabu kikubwa chenye miraba kama ile, na ndimo alimotoa azima za kuwafungia watu hirizi. Kila mtoto wa kijiji kile aliijua. Matiasi alikuwa mgonjwa, akawa anajiandikia azima. Miraba minne ilikuwa imekamilika. Wa tano ulikuwa na safu mbili tu, kisha penseli ilikomea hapo. Na sisi tulijua kwa nini ilikomea.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Sikio la Shabani lilianza kama kawaida, kisha likazidi, homa ikapanda, Mama akambeba mgongoni hadi hospitali. Alirudi na chupa ya dawa ya maji na kijiko cha plastiki. Siku ya pili ya dawa, ukaja ujumbe kutoka Mgwashi kwamba babu yetu wa huko, baba yake Mama, amefariki. Mama hakuweza kumchukua mtoto mwenye homa kwenye njia ile, na hakuweza kutokwenda kumzika baba yake. Baba angeshinda sokoni. Bibi hakuona mstari kwenye kijiko. Nikabaki mimi.

Mama alipiga magoti mbele yangu, kanga ya msiba kichwani. “Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Mpaka chupa iishe. Hata ukimwona anacheza, usiache. Umenisikia? Hata akicheza.”

“Ndiyo, Mama.”

“Mimi narudi tukimaliza matanga. Mdogo wako nakuachia wewe.”

Siku ile na asubuhi ya kesho yake nilimpa kama nilivyoambiwa. Dawa ilikuwa chungu, alinitemea kanga nzima. Homa haikushuka. Mchana wa siku hiyo alilala amefumbua macho nusu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Dada, amekuja kuchukua koti.”

“Nani?”

“Si yule mwenyewe.”

Bibi alikuwa ameketi kizingitini akipukuchua mahindi. Mikono yake ilisimama. “Mbwai?” aliuliza kwa Kishambaa, akitaka kujua kuna nini. Nilipomweleza alivuta pumzi ndefu. “Mwenye nguo hajasomewa,” alisema. “Nilisema mimi.”

Niliogopa. Nilifikiri hivi: Matiasi angemaliza mraba wake wa tano asingekufa. Miraba minne ilimweka hai, kila mmoja kwa muda wake. Basi kila uliokamilika ulifanya kazi. Wa tano sikuthubutu kuugusa. Nikachukua wa nne.

Nilikuwa nimemwona Maalimu akiandika kombe: anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha maandishi kwa maji, mgonjwa anakunywa. Zafarani hatukuwa nayo. Nilikoroga manjano ya Mama kwenye kifuniko, nikachonga njiti ya ufagio, nikachukua sahani yetu ya kauri ya wageni. Niliandika safu zote nne, herufi moja moja, ulimi nje. Sikuanza bila kusema bismillahi, maana nilijua ninafanya jambo baya na nilitaka angalau nianze vizuri. Kisha nikamwagia maji, herufi zikalegea na kuelea, nikamnyanyua Shabani kichwa. Alikunywa yote. Hakutema hata tone.

Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba dawa mbili hugombana tumboni na anayeumia ni mwenye tumbo. Kwa hiyo sikumpa kijiko cha mchana, wala cha jioni. Baba aliporudi aliuliza, “Mdogo wako amekunywa dawa?” Nikajibu amekunywa. Haukuwa uongo, au hivyo nilijiambia.

Asubuhi yake Shabani aliamka hana homa. Aliomba makande. Alikula sahani mbili, akataka kwenda kwenye mfereji, akaniuliza anatoka au hatoki. Leo najua kabisa ni vijiko gani vilivyoishusha homa ile. Siku ile nilijua kitu kingine. Nilijiona nimemrudisha mtu kutoka mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe, na sijawahi tena maishani kujisikia mwenye nguvu kama asubuhi ile.

Chupa ilikuwa bado zaidi ya nusu. Kila saa ya dawa ilipofika nilipima kijiko, nikaenda nyuma ya jiko, nikakimwaga kwenye shina la mplamu. Asubuhi, mchana na jioni. Sikuruka hata mara moja. Mama aliporudi kutoka Mgwashi alikuta chupa tupu imesuuzwa, na mwanawe anafukuza kuku. Alinikumbatia mbele ya wanawake waliomsindikiza. “Huyu si mtoto,” aliwaambia. “Huyu ni mama mwenzangu.”

Siku tano baadaye Shabani aliamka akilia kwamba mwanga unamuumiza. Mchana shingo yake ikawa ngumu, haikunjiki. Baba alimbeba kukimbilia barabarani, na mimi nikabaki nimeshika koti. Walikaa hospitali wiki tatu. Ule ugonjwa wa sikio, daktari alimweleza Baba, ulikuwa haukuisha, ulijificha tu, kisha ukaingia ndani hadi kwenye uti wa mgongo. Alimwuliza Mama kama mtoto alimaliza dawa. Mama alisema alimaliza, chupa yote, na aliapa.

Shabani alirudi mzima, amekonda, anatabasamu. Ilikuwa jioni, tunakula viazi. Mfuniko wa sufuria ulimponyoka Bibi ukaanguka sakafuni nyuma ya Shabani, sote tukaruka. Shabani aliendelea kumenya kiazi chake.

Kila mtu pale nyumbani alijipatia mshtakiwa wake. Bibi alishtaki koti. Baba, aliyekuwa akimcheka, alilichoma uani, na manyoya yake yalitoa moshi mweusi ulioingia hadi kwenye nguo zetu. Hakufungua belo jingine tena, alirudi kwenye kabichi zake. Mama alijishtaki mwenyewe. “Ningebaki,” alisema, na aliendelea kusema hivyo wakati wa kupika, wakati wa kusuka ukili, wakati wowote mikono yake ilipokuwa na kazi na kichwa hakina. Mama alifariki mwaka jana. Alikufa akiamini kwamba mwanawe alipoteza masikio kwa sababu yeye alikwenda kumzika baba yake. Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kumwambia. Nilimshika mkono hospitalini siku ya mwisho, tukiwa wawili tu chumbani, na nikamwuliza kama anataka maji.

Nilikuja kuijua ile miraba nikiwa sekondari, Tanga, kwenye nyumba ya baba mdogo. Watoto wake walikuwa na mashine ya mchezo iliyoletwa kutoka Dubai, na vijitabu vyake wamevipanga kwenye droo kwa usafi kuliko misahafu. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana, tulikaa ukumbini tukavisoma vile vijitabu kwa zamu, nami nilivipenda mno, niliwashinda wote kwa kukumbuka majina ya maadui. Alasiri moja umeme ulirudi, binamu yangu akacheza, akafa. Kwenye televisheni vikatokea vijisanduku vitupu, safu nne. Alifungua kurasa za mwisho za kijitabu, zile za mistari, ambako alikuwa ameandika kwa kalamu, akaanza kunakili herufi moja moja.

“Unafanya nini?” nikamwuliza.

“Naweka namba ya siri. Ukiiweka, unaendelea pale ulipofia. Huanzi mwanzo.”

Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba za nguo mpaka mama mdogo akaja kuniuliza kama naumwa. Matiasi hakuwa amekufa. Alikuwa mtoto aliyekua, koti likambana, mama yake akalitoa. Mraba wa tano ulikomea katikati kwa sababu aliitwa kula.

Nikawa mtu wa duka la dawa. Wala sikuchagua, miguu ilikwenda yenyewe. Wateja wangu hapa Morogoro wananiita Mama Maliza Dozi na wanaigiza sauti yangu wakidhani siwasikii. Naandika maelekezo kwenye kila pakiti kwa herufi kubwa, napiga mstari chini mara mbili, namwita mtoto mwenyewe kama amekuja, namwambia hata ukicheza. Wananiona nina roho nzuri.

Shabani alisomeshwa shule ya bweni ya viziwi, akajifunza useremala. Sasa ana karakana yake Lushoto, ana mke, ana mabinti wawili wenye makelele ambayo hayamsumbui. Tunaongea kwa ishara tunapokutana, na kwa simu tunaandikiana. Anaandika kama anavyotengeneza milango yake, bila nakshi.

Usiku mzima baada ya lile kasha tupu sikupata usingizi, na asubuhi nikamwandikia. Nilimwandikia yote: kombe, manjano, sahani ya wageni, mplamu, kiapo cha Mama. Niliufuta ujumbe mara nne. Mara ya tano nikautuma, nikafunga duka, nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Jibu lilikuja mchana.

“Niliona ukimwaga. Nilikuwa dirishani. Nilifurahi, dawa chungu. Hiyo nilisamehe zamani.”

Machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka kwa shukrani wakati ujumbe wa pili ulipoingia.

“Ya kitabu bado.”

Sikuelewa. Nikamwuliza, ya kitabu ipi?

“Nilitoka hospitali. Nikakuletea kitabu unisomee. Mferejini.”

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Naapa, miaka yote hii, nimekumbuka kila kijiko, na hilo halikuwahi kunijia hata ndotoni. Sasa likanijia lote. Alipanda darini mwenyewe, miguu bado dhaifu, akakishusha kijitabu. Alinifuata shambani. Alikaa pale pale pa siku zote, upande wa sikio lake lililokuwa zuri, akafungua ukurasa wa kwanza, akanitazama. Sidhani alikuwa ameshaelewa kwamba ukimya ule ni wake. Nadhani aliona tu kwamba sisi wakubwa wake tumeanza kuongea chini chini, kama watu wanavyofanya nyumba yenye mgonjwa, na kwamba mimi nitamsomea kwa nguvu. Nami sikuweza kuvumilia kuisikia sauti yangu ikimsomea asiyesikia. Nilifungua mdomo nikaufumba, nikaufungua nikaufumba, nikageuza kurasa. Nilimfanya popo, nilimfanya konokono, kwa midomo mitupu. Sikutoa sauti hata moja. Katikati ya mapango aliinuka, akakifunga kijitabu, akaondoka nacho. Sijui alikitupa wapi.

Niliandika tena. Nikamwambia kwamba nilidhani hakujua, kwamba alikuwa hasikii, angejuaje.

Niliona kwenye simu kwamba anaandika, anaacha, anaandika tena.

“Mkono wangu ulikuwa kwenye koo lako, Dada. Sauti ikitoka koo hutetemeka. Lako halikutetemeka.”